Taa Zinazopepesa Mwanza: Umeme wa Kando ya Ziwa Kutoka Dizeli Hadi Swichi Janja

Taa hupepesa pale umeme unaoilisha unapokosa utulivu. Mwanza jambo hili lilianza zamani, kabla ya swichi janja zinazolaumiwa leo, kwa sababu umeme wa mji huu ulikuja kwa awamu, na kila awamu ilikuja na kuyumba kwake.

Wajerumani waliweka boma Mwanza mwaka 1892. Kwa muda mrefu mizigo mizito ilifika kwa meli kutoka Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa iliwasili mwaka 1901. Reli ya Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Dar es Salaam ilianza kutumia umeme mwaka 1908, na kampuni ya TANESCO ilisajiliwa mwaka 1931, lakini Mwanza, kama miji mingi ya bara, iliendelea kutegemea mitambo yake ya dizeli. Mafuta yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yalipita zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Mtambo mdogo haufichi uchovu: mota kubwa ikiwashwa, injini hulemewa, na taa za mji hufifia kabla ya kurudi. Waliokuwa nje ya mtandao huo waliendelea na koroboi na chemli, na ziwani wavuvi wa dagaa wakavutia samaki kwa karabai.

Balbu za waya za enzi hizo zilikuwa na tabia mbili zinazopingana. Volteji ikishuka kwa asilimia 10, mwanga ulipungua kwa takriban asilimia 30, ndiyo maana "umeme mdogo" ulionekana wazi kwa kila mtu. Ila waya uliokwisha kupata moto hauwezi kupoa ghafla, kwa hiyo misukosuko ya sehemu ndogo ya sekunde ilipita bila jicho kuiona. Uvumilivu huo ulificha kasoro nyingi za nyaya kwa miongo mingi.

Mageuzi makubwa yalitoka kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 laini ya kilovolti 220 ilifikishwa Mwanza kupitia Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga. Mji uliacha kutegemea dizeli, lakini ukawa mkiani mwa laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 800. Laini ndefu namna hiyo huwatesa walio mwishoni kwa njia mbili. Jioni, wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa, volteji hushuka njiani. Usiku wa manane, mzigo unapokuwa mwepesi, laini yenyewe huipandisha volteji, na bila vifaa vya kuidhibiti kwenye vituo vya kupozea umeme, balbu huungua. Stebilaiza ikawa kifaa cha lazima kwa mwenye friji.

Viwanda viliongeza mtikisiko. Biashara ya sangara ilipokua katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilihitaji vyumba vya baridi, na kompresa za vyumba hivyo huendeshwa na mota. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishatulia. Nyumba zilizo kwenye laini moja na kiwanda huona taa zikizama kila kompresa inapoanza. Mashine za kusaga na za kuchomelea vyuma hufanya vivyo hivyo mtaani, kwa kiwango kidogo. Mgao mkali wa mwaka 2006, maji ya mabwawa yalipopungua, ulileta adha nyingine: umeme uliporudi, friji na pampu za mtaa mzima zilianza kwa pamoja.

Mitambo ya Nyakato, hapohapo Mwanza, yenye megawati 60 hivi, iliyoanza kazi mwaka 2013, ilikuwa na faida isiyozungumzwa vya kutosha. Mbali na kuongeza umeme, iliinua volteji karibu na watumiaji wenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 ikakamilika laini ya kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400. Kando nyingine za ziwa zilikwenda njia zake: Bukoba ilipokea umeme wa Uganda kuanzia miaka ya 1990, na kisiwa cha Ukara kikapata mtandao mdogo wa umeme wa jua mwaka 2016.

Hata laini kuu ikitulia, Mwanza ina mwamba. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimepanda milima ya mawe ya matale, mahali ambapo nguzo hazisimikwi kwa urahisi. Waya wa kuingiza umeme hulazimika kuvutwa mbali, na kila mita huongeza upotevu wa volteji. Matale pia hayapitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi inayotosha kwenye udongo wenye unyevu huwa dhaifu juu ya jiwe, katika eneo ambalo ni miongoni mwa yenye radi nyingi zaidi duniani. Ufundi wa vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, hapa ni hatari halisi: kiungo cha nyutro kilicholegea hufanya baadhi ya taa zing'ae kupita kiasi huku nyingine zikififia, na muda si mrefu televisheni na friji huungua.

Taa za LED ziliuondoa ule uvumilivu wa balbu za waya. Nyingi hufuata kila badiliko la umeme papo hapo, na zile za bei nafuu, pamoja na chaja duni, hurudisha kelele za umeme kwenye nyaya. Kelele hizo zina madhara yanayoonekana hata kwenye LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla. Baadhi ya mita zilizofungwa juu ya nguzo huwasiliana na rimoti ya ndani kupitia nyaya zilezile za umeme, na kelele zikizidi, rimoti hushindwa kuisoma mita mpaka kifaa kinachosumbua kichomolewe.

Swichi janja, inayoweza kuwashwa kwa simu, iliingia katika mazingira hayo. Nyumba nyingi za Tanzania zimefungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza: nyutro huenda moja kwa moja kwenye taa, na kwenye swichi hushuka fezi pekee na waya wa kurudi. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Swichi janja inahitaji umeme wake muda wote, hata taa ikiwa imezimwa, na ikikosa nyutro hupitisha mkondo mdogo kupitia taa. Balbu ya waya haikuuhisi mkondo huo. LED ya wati chache huukusanya, humeta, huzima, kisha huanza tena.

Kwa hiyo uchunguzi huanza nje na kuishia ukutani. Nyumba nzima ikipepesa, au taa nyingine zikizidi kung'aa, kosa liko kwenye nyutro au kiungo cha laini, na TANESCO waitwe kabla kifaa chochote hakijanunuliwa. Ikipepesa saa fulani tu, ichunguzwe mota iliyo jirani. Ikipepesa taa moja iliyo kwenye swichi janja, kapasita ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hufungwa sambamba na taa, au LED hubadilishwa. Kelele za kifaa kimoja huzuiwa kwa kichujio kwenye kifaa hichohicho. Kazi hizi zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Na anayejenga sasa, iwe Buswelu au Kisesa, amwagize fundi ashushe nyutro hadi kila kisanduku cha swichi kabla ya plasta kupigwa.