Chumvi Ikishaingia Haitoki

Mwaka 1964 Israeli ilizindua mtandao mkubwa wa mabomba na mifereji wa kupeleka maji ya Bahari ya Galilaya hadi mashamba makavu ya Negebu, kusini. Ziwa hilo ni la maji baridi, lakini kando na chini yake zimo chemchemi za chumvi, na chumvi hiyo ingesafiri hadi shambani. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1960 maji ya chemchemi za karibu na Tabgha yalikingwa, yakaelekezwa Mto Yordani, kusini mwa ziwa. Ziwa likapata nafuu. Mto ukaubeba mzigo huo pamoja na majitaka, na hiyo ni dhuluma isiyostahili kusahauliwa kila mafanikio ya kilimo cha nchi hiyo yanaposifiwa.

Vita vya pili dhidi ya chumvi vilikuwa mijini, kwenye majitaka. Leo karibu asilimia 90 ya majitaka ya Israeli hurudi mashambani. Kusini mwa Tel Aviv, katika mtambo wa Shafdan, maji yaliyokwisha kusafishwa huachwa yazame mchangani, kisha huvutwa tena kwa visima. Tangu 1989 bomba maalumu huyafikisha Negebu. Bakteria hula uchafu na mchanga huchuja vijidudu. Chumvi hupita kote huko salama.

Hesabu yake inatisha. Maji yenye miligramu 250 za kloridi kwa lita, yakimwagwa mita za ujazo 5,000 kwenye hekta moja kwa msimu, huacha hapo kilo 1,250 za kloridi. Mparachichi ndio wa kwanza kulalamika: ncha ya jani hugeuka kahawia, ukavu ukapanda taratibu ukingoni kama karatasi iliyoungua.

Chumvi yote hiyo ilitoka wapi? Sehemu ilikuja na maji ya bomba yenyewe. Nyingine ilitoka kwenye mitambo ya kulainisha maji magumu viwandani na hospitalini, ambayo huoshwa kwa maji ya chumvi kali. Sabuni za unga zilileta sodiamu na boroni. Machinjio nayo yalikuwa na mchango mkubwa. Kwa sheria ya Kiyahudi, nyama hulowekwa nusu saa, hupakwa chumvi nene pande zote ili damu itoke, huachwa saa nzima, kisha husuuzwa mara tatu. Maji ya kusuuzia yakaingia kwenye mabomba ya majitaka.

Katika miaka ya 1990 serikali iliamua kuizuia chumvi mlangoni. Ibada haikuguswa, kilichokatazwa ni kumwaga maji ya chumvi kali kwenye mabomba ya majitaka. Viwanda vikatakiwa kupunguza chumvi ya kulainishia maji, na boroni ikawekewa kikomo katika sabuni. Mwaka 2005 mtambo wa Ashkelon ukaanza kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na maji ya bomba yenyewe yakawa mepesi zaidi, ingawa wakulima waligundua kuwa yamepoteza pia magnesi inayohitajiwa na mimea. Kanuni za 2010 zikaweka kikomo cha miligramu 250 za kloridi na 0.4 za boroni kwa kila lita ya kumwagilia.

Kuondoa chumvi baada ya kuchanganyika kunahitaji utando maalumu na umeme mwingi, na bado hubaki maji makali ya kutupwa mahali fulani. Mji mkame unaopanga kumwagilia kwa majitaka uanze kwa kukagua machinjio, viwanda na sabuni zake, kabla haujatangaza zabuni ya mtambo.