Jiji na Viunga Vyake: Mstari Unaoamua Mji Upi Mkubwa

Mtu wa Maore, katika Wilaya ya Same, akiaga kwamba anakwenda mjini, mara nyingi huwa anakwenda Same. Mtu wa Same akiaga hivyo hivyo, pengine safari yake ni ya Moshi. Na ukifika Moshi utakuta ubishi wa siku nyingi: baina ya Moshi na Arusha, mji mkubwa ni upi? Wabishi hukimbilia takwimu za sensa, wakisahau kwamba kabla ya mtu kuhesabiwa kuwa wa mji fulani, kuna aliyechora mstari kusema mji huo unaishia wapi.

Tuanze na takwimu zenyewe. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliipa Manispaa ya Moshi watu 221,733 na Jiji la Arusha watu 617,631. Kwa hesabu hiyo Arusha ni karibu mara tatu ya Moshi. Lakini Manispaa ya Moshi ina eneo lisilofika kilomita za mraba 60. Ukielekea Kibosho, Uru au Mabogini, muda si mrefu unakuwa umeingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ingawa nyumba zinaendelea. Halmashauri hiyo ina watu 535,803. Ukiwajumlisha na wa manispaa unapata 757,536, na Jiji la Arusha linakuwa limepitwa.

Mtu wa Arusha naye atadai haki hiyo hiyo. Ngaramtoni na Kisongo zimo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, yenye watu 449,518. Tengeru na Usa River zimo Meru, kwenye watu 331,603. Ukizijumlisha halmashauri hizo mbili na jiji unapata 1,398,752, na Arusha inarudi mbele. Katika hesabu zote hizi hakuna mtu aliyehama. Kilichohama ni mpaka.

Dhana inayokusudia kutatua ubishi wa namna hii ndiyo ambayo wataalamu wa mipango miji huiita eneo la metropolitani. Asili ya neno ni Kigiriki: mji mama, yaani mji uliotoa watu wakaenda kuanzisha miji mingine. Siku hizi maana yake ni jiji pamoja na miji midogo na vijiji vya jirani ambavyo maisha yake yamefungamana nalo: watu hulala huko, lakini huja jijini kufanya kazi, kusoma, kutibiwa na kuuza mazao.

Kwa Kiswahili tuiiteje? Wapo wanaosema “jiji” tu, lakini nchini Tanzania jiji ni hadhi ya kisheria. Tangu Februari 2021, baada ya halmashauri ya zamani ya jiji kuvunjwa, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Ukifuata sheria neno kwa neno, jiji hilo lina watu 1,649,912, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni hazimo. Lakini mtu wa Mbagala, huko Temeke, haoni kwamba anaishi nje ya Dar es Salaam, na mkoa mzima una watu 5,383,728.

Wengine husema “jiji kuu”, lakini msikilizaji hudhani yanatajwa makao makuu ya nchi. Wengine husema “jiji na vitongoji vyake”. Hili lina mvuto, ila kwa Mtanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji, yenye mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Mwambie mkulima wa mpunga wa Maore habari za vitongoji, naye atafikiria kitongoji chake, si nyumba mpya za pembezoni mwa Moshi.

Neno ninalolipendekeza ni “viunga”. Waswahili wa pwani wamelitumia kwa maeneo ya pembezoni mwa mji, yenye mashamba na bustani, yasiyo mji wenyewe wala pori. Kwa hiyo “jiji na viunga vyake” husema kwamba kuna kiini, kuna pembezoni, na kwamba hivyo viwili vinategemeana. Anayetaka neno la kitaalamu zaidi anaweza kuandika “eneo la metropolitani”, mradi alieleze mara ya kwanza.

Hata hivyo, kupata neno si kupata kipimo. Vipo vipimo vitatu vinavyotumika sana. Cha kwanza ni mpaka wa utawala. Ni rahisi, ila hudanganya. Jiji la Dodoma lina watu 765,179, lakini limetandaa zaidi ya kilomita za mraba 2,500, mashamba yakiwemo. Jiji la Mwanza, kwa maana ya Nyamagana peke yake, lina watu 594,834, hivyo kwenye orodha ya majiji linakaa nyuma ya Dodoma na Arusha. Ukiiongeza Ilemela, ambayo ni manispaa inayojitegemea ingawa imeshikana na Nyamagana, Mwanza inapata watu 1,104,521 na kuwa ya pili baada ya Dar es Salaam, mradi Arusha isiongezewe viunga vyake.

Kipimo cha pili hufuata makazi yalivyoshikana, bila kujali halmashauri. Mwaka 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha utaratibu wa kuigawa nchi katika miraba ya kilomita moja moja. Miraba inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja na jumla isiyopungua 50,000, huhesabiwa kuwa jiji. Umoja wa Mataifa ulipotumia utaratibu huo katika ripoti ya 2025, Jakarta ilipanda hadi nafasi ya kwanza duniani kwa watu wapatao milioni 42, na Tokyo, iliyozoea kuongoza, ikashuka.

Kipimo cha tatu huangalia safari za kila siku. Marekani huunganisha kaunti ya pembeni na jiji iwapo angalau robo ya wafanyakazi wake hufanya kazi katika kaunti za kiini. Hiki ndicho kilicho karibu zaidi na maana ya viunga, ila kinahitaji takwimu za safari za watu, nazo kwetu ni chache.

Asiye na takwimu hizo hubeba kaunti au wilaya nzima nzima, kisha mstari unapita kiasi. Kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 mwaka 2019, pungufu ya Mkoa wa Dar es Salaam. Ukiiongezea Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang’a, kama wataalamu wa mipango miji wa Kenya wanavyofanya, unapata zaidi ya milioni 10. Lakini Kajiado inafika hadi Loitokitok, ng’ambo tu ya mpaka kutoka Wilaya ya Rombo ya Tanzania. Mfugaji wa huko anahesabiwa kuwa mtu wa viunga vya Nairobi ilhali mlima anaouona ni Kilimanjaro.

Sisi wa Upare, yaani Same na Mwanga, tunaijua nguvu ya mpaka. Hadi 1979 hizo mbili zilikuwa wilaya moja. Leo Same ina watu 300,303 na Mwanga 148,763. Zingebaki pamoja zingekuwa na 449,066, karibu sawasawa na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Na kama Moshi ingejumlishiwa Mkoa mzima wa Kilimanjaro ili ishinde ubishi, ingefikisha watu 1,861,934, na Maore ingekuwa kiunga cha mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Hukumu yangu kuhusu Moshi na Arusha ni kwamba Arusha ni kubwa zaidi, kwa sababu inashinda kila mara miji yote miwili inapopimwa kwa kipimo kimoja. Moshi hushinda pale tu inapoongezewa viunga huku Arusha ikinyimwa vyake. Kwa hiyo mwandishi anayepanga miji kwa ukubwa ataje mambo matatu: mwaka wa hesabu, eneo lililohesabiwa na kipimo kilichotumika. Na msomaji asipoyaona matatu hayo, asiiamini orodha hiyo.