Supanova: Kwa nini mwanga wa nyota iliyolipuka huchelewa kutoka?

Usiku wa kuamkia Februari 24, 1987, nyota mpya ilionekana kwa macho matupu kutoka Chile. Ilikuwa supanova 1987A, nyota iliyolipuka umbali wa miaka ya nuru takriban 168,000.

Lakini kabla ya hapo, mitambo ya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti ilikuwa imeshanasa chembe zake ndogo ziitwazo nyutrino. Sasa mwanga ulikuwa wapi?

Ulikwama ndani. Nyutrino hupenya karibu kila kitu, mwanga hauwezi. Ndani ya gesi nzito, kila ukisogea kidogo unagonga elektroni na kubadilishwa njia, kama mtu anayejipenyeza sokoni siku ya gulio. Mwanga wa kwanza ulitoka pale tu wimbi la mlipuko lilipofika juu ya nyota.

Baada ya hapo gesi iliendelea kutanuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kadiri ilivyozidi kuwa nyepesi, mwanga wa ndani zaidi ulipata upenyo. Ndiyo maana 1987A iling'aa zaidi mwezi Mei, karibu miezi mitatu baadaye.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Mlipuko ulitengeneza nikeli yenye mionzi, inayogeuka kobalti, kisha chuma. Kila siku 77, nusu ya kobalti hiyo huisha. Baadaye mwanga wa 1987A ulififia kwa mwendo huohuo.

Huo ukawa ushahidi: nyota zikilipuka hutengeneza chuma, madini yaleyale yaliyomo kwenye damu yako.