Mzimu na Wenyewe

Msomaji wa hadithi za safari za hatari hukijua kisiwa hiki hata kabla hajakifungua kitabu. Kiko mbali na njia ya vyombo. Katikati yake pana mlima utoao moshi. Ubavuni mwa mlima pana pango au hekalu ambamo watu wa kale waliabudu. Wageni hufika, huingia pasipoingiwa, huchukua kilichowekwa, kisha mlima hupasuka na kuteketeza vyote. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali moja tu: je, mahali patakatifu pa namna hiyo pana wenyewe? Nitaanza na vitabu vya kigeni vilivyotufikia, nitapita kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na mwisho nitarejea hapa Kongwa ninapoandika, mahali palipo mbali sana na bahari lakini ambapo swali hilo lilikuwa na gharama yake.

Wapenzi wa Kiswahili walizipata hadithi hizi mapema. Katika mwaka 1929 zilichapwa tafsiri mbili zilizosomwa sana mashuleni: Kisiwa chenye Hazina, kutoka kwa Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kutoka kwa Rider Haggard. Mkono wa Frederick Johnson, aliyekuwa baadaye Katibu wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, umo katika kazi zote mbili. Johnson ndiye pia aliyemtafsiri Allan Quatermain, na kitabu hicho chatuhusu zaidi, maana safari yake yaanzia Lamu, yafuata mto Tana na kupita karibu na Mlima Kenya. Huko mbele wasafiri wanavutwa na mto upitao chini ya ardhi, wanaponea chupuchupu nguzo ya moto itokayo tumboni mwa nchi, kisha wanatokea katika ufalme uliofichika wenye hekalu kubwa la jua. Moto, maji na hekalu: vyote vimo. Haggard alikuwa amefanya kazi Natal na Transvaal, wala hakuwa amezijua nchi hizi kwa macho yake. Habari za Umasaini alizipata katika kitabu cha Joseph Thomson cha mwaka 1885. Basi alipokosa habari alitia hekalu, na alipotaka kulifikia hekalu alitia moto.

Yafaa tuuangalie moto huo kazi yake. Jules Verne, Mfaransa, katika hadithi yake ya kisiwa cha siri iliyotolewa mwaka 1874 na 1875, anamzika Kapteni Nemo ndani ya chombo chake, katika pango lililo chini ya mlima wa moto. Haupiti muda mrefu mlima unapasuka, kisiwa kinazama, na kaburi linapotea pamoja nacho. Wageni wanaokolewa na kwenda zao. Mwandishi amejipunguzia deni: kaburi lisiloonekana halina wa kulizuru, na mahali palipoteketea hapana wa kuja kudai. Katika hadithi za namna hii mlima wa moto ni mfano wa karani achomaye daftari la madeni.

Lakini wale wanaokaa chini ya milima ya moto hawaihesabu kuwa mwisho wa hadithi. Wamasai huuita mlima ulio karibu na ziwa Natroni Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu. Ulitoa moto na majivu mwaka 2007 na 2008, na watu wakauhofu. Hata hivyo haukukoma kuwa mahali pa maombi. Huko Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, yasimuliwa kwamba jini aliangusha kito, kito kikawa duara la moto mkubwa, na hivyo ukapatikana mlima Karthala. Mlima huo ulipotapika majivu mwaka 2005, watu walikimbia vijiji vyao na maji ya matangi yakaharibika. Kisha wakarudi, wakasafisha, wakaendelea kuishi. Hadithi ya jini ni yao kwa sababu majivu pia ni yao.

Tena, kisiwa kitakatifu cha kweli huwa na utaratibu wake. Katika ziwa Viktoria, kisiwani Bubembe katika visiwa vya Sese, palikuwa na hekalu la Mukasa, aliyeheshimiwa na Waganda kuwa mwenye ziwa. Palikuwa na makuhani waliojulikana kwa ukoo, na Kabaka mwenyewe alipeleka zawadi. Aliyetaka kuingia alijua amwone nani kwanza. Mambo haya, yaani ukoo, zamu, zawadi na ruhusa, ndiyo mtungaji wa hadithi ya hazina asiyoyaandika, kwa kuwa akiyaandika shujaa wake atageuka mwizi.

Sasa tumtazame Muhammed Said Abdulla. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapwa mwaka 1960. Wahakiki wamekwisha kusema mara nyingi kwamba Bwana Msa, mwenye kiko chake, ni ndugu wa Sherlock Holmes, na kwamba Najum anachukua nafasi ya Watson. Ni kweli, lakini usemi huo umetufanya tusiuangalie mzimu wenyewe. Mandhari ni ya kisiwa cha matumbawe kisicho na mlima wa moto. Mtu anakutwa ameuawa mzimuni. Wako wanaoamini kwamba ni kazi ya wasioonekana. Msa anauliza, anapima, na kuonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Hapana hazina ya kuchukuliwa wala ngurumo ya kufunika mambo. Hadithi ikiisha, mzimu ungalipo, na watu wangali wakipita karibu nao.

Hapo naona hatua kubwa katika fasihi yetu. Abdulla aliichukua sura ya hadithi ya Wazungu, akaipa mzimu wenye majirani. Hata hivyo hakufika mwisho wa njia. Msa anauliza nani aliua. Haulizi watu walikwenda mzimuni kutafuta nini. Kwake imani ni pazia la kufunuliwa tu. Kuna lililokuwa nyuma ya pazia hilo ambalo si uhalifu wala ujinga, nalo twaweza kuliona vizuri zaidi hapa Kongwa.

Katika mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mpango wa karanga, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 za Tanganyika. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mibuyu iliwashinda kwa muda mrefu. Masimulizi ya mpango huo yataja mbuyu mmoja uliotumiwa kuwa jela, na mwingine uliokuwa mahali pa ibada ya wenyeji. Katika masimulizi hayo mbuyu wa ibada ni kichekesho kidogo tu, kama nyuki waliowauma wafanyakazi. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, fedha zipatazo pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua haikutii hesabu.

Sidai kwamba matambiko yangaliotesha karanga. Nasema jambo dogo zaidi. Katika Ugogo mtemi alikuwa mlinzi wa mawe ya mvula, na kazi yake kubwa ilikuwa kuishughulikia mvua ya eneo lake. Watu waliojiwekea cheo kizima kwa ajili ya mvua walikuwa wamekiri kwamba mvua si ya kutegemewa. Hiyo ilikuwa habari ya hali ya nchi, nayo ilihifadhiwa katika ibada. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, alikitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, miaka 3 baada ya matrekta kunyamaza.

Tangu mwaka 1964 Kongwa ilipokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Baadhi yao walifia hapa, na makaburi yao yangalipo. Siku moja mtungaji kijana atataka kuweka hadithi ya kusisimua katika makaburi hayo, wala simkatazi. Namwomba tu apige hodi kwanza, aulize majina ya waliolala pale na ya wanaofagia, kabla hajatafuta mlima wa kuyafunika.