Je, Aliyekufa Bila Kubatizwa Amepotea?

 

Leo twataka kulishika swali moja ambalo wachungaji huulizwa mara nyingi, na mara nyingi huulizwa matangani. Mama amefiwa na mtoto mchanga hospitalini kabla mchungaji hajafika. Au mzee ameaga dunia huko nyumbani mashambani. Amekwenda kanisani miaka thelathini, ameketi kiti cha nyuma, ameimba na kutoa sadaka, lakini jina lake halikuandikwa kamwe katika kitabu cha ubatizo. Ndipo mtu wa jamaa anauliza kwa sauti ya chini: Je, amepotea?

Hapa Buruburu swali hili haliwezi kukwepwa. Mtaa wetu ulijengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, na nyumba zikajazwa na watu wa kila pembe ya Kenya. Katika safu moja ya nyumba, jirani mmoja alinyunyiziwa maji akiwa mtoto mikononi mwa mamaye. Wa pili alizamishwa mtoni akiwa mtu mzima. Wa tatu ni wa kanisa la Marafiki, wala hakuguswa na maji ya ubatizo kabisa. Wote watatu husema, Yesu ni Mwokozi wangu. Je, tuseme nini?

Kwanza tulisikilize Neno. Katika Marko 16:16 Bwana anaiweka imani pamoja na ubatizo katika ahadi ya wokovu. Lakini angalieni: anapoitaja hukumu, anamtaja asiyeamini peke yake. Katika Yohana 3:5 Nikodemo anaambiwa habari ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, na katika Matendo 2:38 Petro anawaita watu watubu na kubatizwa. Hayo ni mazito, wala hatuna ruhusa ya kuyapunguza. Hata hivyo, katika Luka 23:43 yule mhalifu msalabani aliahidiwa Paradiso siku ile ile, na hapakuwa na mtu wa kumshusha akabatizwe.

Tena someni Matendo 10:44-48, nyumbani mwa Kornelio. Roho Mtakatifu aliwashukia watu wale Petro akingali ananena, kabla ya tone moja la maji. Je, Petro alisema kwamba basi maji hayana kazi tena? La. Aliamuru wabatizwe. Mungu hakuyangoja maji, na mtume hakuyadharau maji. Mambo hayo mawili yashikeni pamoja, maana historia ya kanisa letu yaonyesha hasara inayopatikana mtu akishika moja na kuliacha la pili.

Hapa mtaani tunazo barabara mbili ambazo twazipita kila siku, barabara ya Rabai na barabara ya Mumias South. Wengi wetu hatufikiri juu ya majina hayo, ila twatazama matatu tu. Lakini Rabai na Mumias ni majina yaliyomo katika historia ya Injili katika nchi zetu.

Tuanze na Rabai. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alikuwa mtu aliyeijua huzuni ya mzazi. Mwaka 1843, katika safari ngumu ya kujaribu kurudi Uhabeshi, mkewe Rosine alijifungua nyikani kabla ya wakati. Baba alimbatiza binti huyo na kumpa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhara, na mtoto akafa. Mwezi wa Julai 1844, huko Mombasa, Rosine mwenyewe alifariki kwa homa, na mtoto wa pili aliyemzaa akamfuata baada ya siku chache. Baadaye Krapf, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann aliyefika mwaka 1846, walifanya kituo chao Rabai.

Walihubiri miaka mingi, na mavuno yakawa haba sana. Mtu wao wa kwanza kubatizwa hakuwa mfalme wala mzee mwenye cheo. Alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 akiwa karibu kufa. Basi jiulizeni: Je, Mringe alianza kuwa mtu wa Mungu dakika ile maji yalipomgusa? Wamisionari walimbatiza kwa sababu tayari walikuwa wameiona imani ndani yake. Maji yalikuja kutia muhuri juu ya kazi ambayo Roho alikuwa ameianza. Hata hivyo hawakusema kwamba, kwa kuwa anakufa, hana haja ya kubatizwa. Walimpa ishara ya Bwana wake, akaenda nayo.

Sasa twende Mumias. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington alifika hapo akielekea Uganda. Aliwaacha wapagazi wengi pamoja na kasisi William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa zamani, akasomeshwa Bara Hindi, akahudumu Rabai. Hannington aliendelea na watu wapatao 50, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. William Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia, njia yote ndefu mpaka Rabai.

Katika Uganda yenyewe moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Kati ya mwaka 1885 na 1887 waliuawa Wakristo wengi, na 45 kati yao hukumbukwa kwa majina, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa makanisa hayo mawili walichomwa moto pamoja huko Namugongo. Moto haukuuliza mtu ni wa dhehebu gani.

Siku chache kabla ya hapo, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Kabaka alijua kwamba wakati umewadia. Usiku ule alibatiza vijana waliokuwa bado wanafunzi, na mmoja wao alikuwa Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Miongoni mwao alikuwamo pia Gyavira. Lakini kijana mwingine, Mukasa Kiriwawanvu, hakuwapo. Alikuwa kifungoni kwa sababu aligombana na Gyavira huyo huyo akamjeruhi. Alipotolewa kifungoni, hukumu ilipokuwa imekwisha kutolewa, alikiri kwamba na yeye ni wa Kristo, akaunganishwa na wenzake. Gyavira akampokea kama ndugu. Mukasa alikufa Namugongo hakubatizwa kwa maji.

Wapendwa, fikirini jambo hili. Ugomvi wa vijana wawili ulimkosesha Mukasa maji ya ubatizo. Je, ugomvi ule ungeweza kumkosesha na Kristo pia? Hata Kanisa Katoliki, linalokaza sana ulazima wa ubatizo, halikufikiri hivyo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 alimtangaza Mukasa kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Fundisho hilo ni la zamani. Mwaka 392 kaisari kijana Valentinian wa 2 alikufa alipokuwa ameomba abatizwe, na Ambrose, askofu wa Milano, hajafika kwake bado. Dada zake walilia kwa sababu hiyo. Ambrose aliwafariji kwamba neema aliyoiomba ameipata, kwa kuwa aliitamani kwa moyo. Na ndugu zetu wa Presbyterian wanalijua Ungamo la Westminster la miaka ya 1640. Ungamo hilo lafundisha kwamba kuudharau ubatizo ni dhambi kubwa; lakini tena lafundisha kwamba neema haikufungwa na ubatizo hata asiweze mtu kuokolewa bila huo, wala hata kila aliyebatizwa awe amezaliwa upya bila shaka.

Basi yule jirani yetu wa kanisa la Marafiki asitusumbue. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, nao hufundisha kwamba ubatizo ulio wa lazima ni ule wa Roho ndani ya moyo. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, nalo halibatizi kwa maji. Sisi tunaobatiza twaamini kwamba wenzetu hao wameiacha karama njema ambayo Bwana aliiagiza katika Mathayo 28:19. Twaweza kuwaambia hivyo kwa upendo. Lakini kuwaambia kwamba wamepotea, hilo hatukupewa kulisema.

Sasa nafika mahali panapouma, yaani habari ya yule mzee wa kiti cha nyuma.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, London. Waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho mpaka atakapoweza kuifuata sheria ya Kristo. Habari ya wake zake, waliwaachia wakuu wa kanisa wa kila mahali waamue. Misioni nyingine nyingi zilifuata njia kama hiyo. Hatusemi kwamba walikuwa na nia mbaya. Walitaka kuilinda ndoa, nasi hatusemi kwamba mitala ndiyo mpango wa Mungu tangu mwanzo.

Lakini tazameni kilichotokea vijijini. Mwanamume aliyeisikia Injili akiwa tayari na wake watatu aliambiwa awaache wawili ndipo abatizwe. Wale wawili waende wapi na watoto wao? Wako waliowafukuza wake zao wapate maji. Na wako walioona kwamba kumtupa mama wa watoto wako ni dhambi nyingine, wakabaki katika darasa la ubatizo mpaka nywele zikawa nyeupe. Waliiona Meza ya Bwana kwa mbali. Watoto wao walibatizwa, wajukuu wakapata kipaimara, wao wenyewe wakazikwa na majina yao ya nyumbani.

Kama maji ndiyo wokovu, basi kanisa liliwafungia watu hao mlango wa mbinguni, na ufunguo likaushika lenyewe. Ni nani kwetu awezaye kusema neno la namna hiyo?

Ilipita miaka 100 kamili. Mwaka 1988 maaskofu walikutana tena, safari hii Canterbury, na maaskofu wa Kenya walilileta jambo hilo mbele yao. David Gitari, aliyekuwa askofu wa Mount Kenya East, alikuwa miongoni mwa walioitetea hoja hiyo. Mkutano ulikubali kwamba mwenye wake wengi akiamini aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, ikiwa aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, na kanisa la mahali pake likubali. Tena asilazimishwe kuwafukuza wake zake, kwa sababu ya taabu itakayowapata. Kwa wengi uamuzi huo ulikuja wakiwa wamekwisha kulala makaburini. Twaamini kwamba Bwana hakuungoja uamuzi ule ili awapokee watu wake.

Lakini, wapendwa, msiende na nusu ya mafundisho. Ule Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937 uliwakuta watu wengi waliobatizwa zamani. Walikuwa na majina ya Biblia na vyeti vya ubatizo, maana siku hizo ubatizo na shule vilikwenda pamoja. Ndugu wa Uamsho waliwauliza: Je, umeokoka? Wengi walilia, wakarudisha mali za wizi, wakapatana na majirani. Maji walikuwa nayo tangu utoto. Toba ndiyo iliyokuwa haijafika. Ole wetu tukitegemea cheti kilichokunjwa katika sanduku chini ya kitanda.

Kwa hiyo nawaambia watu wanne. Wewe mama uliyefiwa na mtoto wako kabla ya maji kufika: usijilaumu. Bwana aliyewakumbatia watoto wachanga hakuwauliza mama zao cheti. Mtoto wako yuko mikononi mwa Yule aliyekufa kwa ajili yake.

Wewe kijana uliyeamini, na kila mwaka wasema utabatizwa mwaka ujao: maneno haya yasiwe kisingizio chako. Mukasa Kiriwawanvu alizuiliwa na kifungo. Wewe wazuiliwa na nini? Aliyekosa nafasi ni mmoja, na anayeikataa nafasi ni mwingine.

Wewe uliyebatizwa zamani: ubatizo wako ni wito. Jiulize kama unauishi.

Nasi wachungaji na wazee wa kanisa, tukumbuke kwamba tumewekwa mlangoni tuwakaribishe watu. Tufundishe vema, tuulize maswali, tutunze utaratibu. Lakini mtu asizeeke mlangoni petu kwa sababu ya ugumu wetu.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa maji uliyotupa yawe ishara ya neema yako. Utusamehe tulipoyadharau, na utusamehe tulipoyafanya ukuta. Wafariji wote wanaowalilia wapendwa wao usiku huu hapa mtaani kwetu na kila mahali. Utufundishe kukutegemea wewe, uliye Mwokozi wetu peke yako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.