Ukimya wa mashine si dalili ya uzima

Mfumo wa kompyuta uliotawanyika ni ule ambao kazi moja hugawanywa kwa mashine nyingi zilizounganishwa na mtandao, pengine katika miji tofauti. Mtumiaji huona huduma moja tu. Msimamizi ndiye anayepaswa kujua ni mashine ipi imelemewa na ipi imezimika. Baadhi ya vyombo mashuhuri vya ufuatiliaji wa aina hiyo vilianza kama kazi ya mtu mmoja aliyetafuta jibu la swali lake.

Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha De Montfort nchini Uingereza, mahali palipotegemea njia moja tu ya intaneti yenye kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde. Kila mmoja alitaka kujua hali ya njia hiyo. Oetiker alitunga programu fupi iliyochora grafu na kuionesha kwenye tovuti, na mwaka 1995 akaitoa kwa umma kwa jina la MRTG.

Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Kila baada ya dakika 5, programu husoma kihesabio cha ruta kinachoonesha jumla ya data iliyopita. Hesabu ya awali hutolewa katika hesabu mpya, na tofauti yake hugawanywa kwa sekunde 300 ili kupata kasi ya wastani. Kihesabio cha biti 32 hufikia 4,294,967,295, kisha huanza tena kwenye sifuri; mtunzi asiyelikumbuka hilo hupata kasi iliyo chini ya sifuri.

Anayejitungia chombo chake leo anaweza kufuata kanuni hiyohiyo. Ugumu huanza pale mashine inapoacha kujibu, kwani ukimya pekee hauelezi iwapo mashine imezimika au njia ya kuifikia imekatika. Kwa hiyo jibu lililokosekana lisiandikwe kuwa sifuri: sifuri humaanisha hakuna kazi, ilhali pengo humaanisha hakuna habari. Mfuatiliaji wa pili, akiwekwa mahali pengine, husaidia kutofautisha hali hizo mbili.

Tarehe 4 Oktoba 2021, huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilikatika duniani kote kwa takriban saa 6. Kampuni hiyo ilieleza baadaye kwamba hitilafu hiyo ilivuruga pia vyombo vya ndani ambavyo wahandisi wake huvitumia kuchunguza matatizo ya namna hiyo.

Funzo lake linamhusu hata mwenye kompyuta tatu. Chombo cha ufuatiliaji kikae nje ya mfumo kinaoufuatilia, na tahadhari zake zipite njia nyingine, kwa mfano ujumbe mfupi wa simu. Kisha mtunzi azime mashine moja kwa makusudi, aone kama tahadhari itamfikia.