Peugeot 504 Haziongezeki

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Kisha ikawa gari la abiria, na wazee wetu wakabanana ndani yake wakienda ushago. Leo, nikiwa Donholm, naitafuta mtandaoni, ya bei nafuu.

Shida ni kwamba Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo zilizopo ndizo hizo hizo. Moja ikiuzwa kama chuma chakavu, imeenda.

Ukiipata, usidanganywe na rangi, msee. Ulizia hati ya umiliki, kisha lala chini uangalie kutu. Bei ikiwa chini sana, bajeti ya spea ndiyo itakukamua. Lakini tusipozinunua sisi, historia hii itaishia kuwa sufuria.